Jiko Lililofungwa kwa Makofi

Tulilifunga jiko la hospitali kwa makofi yetu wenyewe. Hakuna aliyetulazimisha wala kutudanganya, na tulipokuwa tunapiga, sombe ya mama mukubwa, majani yake ya muhogo, ilikuwa bado inachemka ndani ya jiko hilo hilo.

Nirudi nyuma kidogo. Mama mukubwa ni dada mkubwa wa mama yangu. Anakaa Oicha na mume wake, na wana shamba la kakao. Siku moja mzee alikuwa anarudi kutoka shambani juu ya pikipiki, na gunia la kakao limefungwa nyuma yake. Pikipiki iliteleza kwenye matope, mzee akaanguka, gunia likamwangukia pajani. Mfupa ulivunjika. Gunia alikuwa amelishona mwenyewe, na mpaka leo hasahau kumwambia kila anayekuja kumwona kwamba halikupasuka.

Walimleta Beni, katika hospitali iliyo karibu na kwangu, Mulekera. Hospitali hiyo haina mashine ya kupiga picha za mifupa, kwa hiyo alipandishwa ndani ya jeep hadi Butembo, akapigwa picha, akarudishwa. Mama mukubwa alimshika kichwa njia nzima, na anasema kila shimo la barabara ile analijua kwa sauti aliyotoa mume wake. Kisha daktari aliutundika mguu kwa kamba na mawe ya uzito, akaonya kwamba mzee akitoka kabla mfupa haujashikana, shamba lake atalisikia kwa wengine tu.

Basi mama mukubwa akahamia hospitalini kama garde-malade. Kwetu kila mgonjwa ana mtu wake wa namna hiyo: anampikia, anamfulia, anagombana na wauguzi kwa niaba yake. Dawa ni kazi ya hospitali, tumbo ni kazi ya familia. Jiko lenyewe liko nyuma ya vyumba vya wagonjwa: hangari ya mabati, nyeusi kwa moshi, isiyo na kuta wala mlango, na chini yake mbabula, majiko madogo ya makaa, zimepangwa moja kando ya nyingine. Nilipopita jioni kuleta makaa nilikuwa ninapata pale habari za mji mzima, na chumvi ya kuonja.

Kuhusu chakula, mzee ni mtu mgumu. Anakula bugali wa muhogo wa shamba lake, uliosongwa na mke wake. Mara moja muuguzi mwenye huruma alimpa wali. Alikula kijiko kimoja, akarudisha sahani kwa heshima zote, akageuza uso ukutani mpaka mama mukubwa aliporudi kutoka sokoni.

Ndipo pikipiki yenye megafoni ilipopita mtaani. Watu walialikwa kwenye salle, ukumbi wa parokia, siku ya Mungu baada ya misa, watoe maoni juu ya mabadiliko ya hospitali. Hangari ingebomolewa. Mahali pake pangejengwa chumba cha mashine ya kupiga picha za mifupa, na wagonjwa wangelishwa na cantine ya hospitali yenyewe.

Mama mukubwa hakuikataa mashine. Nani angeitaka kuliko yeye, aliyepita barabara ile ya Butembo? Lakini mahali pa mbabula yake, hapana. Wiki nzima alikariri maneno yake huku anasonga bugali. "Nitasema hivi: machine iko muzuri, lakini muiweke fasi ingine. Bwana yangu akikosa chakula yangu, atarudia Oicha na muguu yake ya kuninginia."

Alimjua mume wake. Mzee alikuwa amekwisha kuuliza, kwa upole, ile kamba inafunguliwa namna gani.

Siku ya mkutano salle ilijaa. Mkubwa wa afya alikuwa ametumwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, upande wa magharibi, na Kiswahili alikuwa amejifunza hapa hapa. Alisimama akatusalimia kwa Kinande: "Wabukire." Wamama waliyeyuka. Akaeleza mpango wake taratibu na kwa adabu. Mwisho akasema sasa anatusikiliza.

Mama mukubwa alikwisha kuinua mkono. Lakini bwana wa protokole, yule yule anayeongoza harusi zote za mtaa, alimtangulia. Alisema kwamba kabla ya maulizo tumupigie mukubwa ban.

Kwetu mgeni aliyesema hakai chini katika kimya. Ban ni makofi ya mpango: mafupi ya haraka, tena mafupi ya haraka, halafu moja zito la mwisho ambalo lazima liangukie pamoja. Tulipiga, tukarudia, na la mwisho lilianguka vizuri sana. Mama mukubwa alishusha mkono wake akapiga kuliko wote, maana yeye hapendi ban ya ovyo.

Mkubwa aliweka mkono kifuani. "Basi, munakubali," akasema. "Merci mingi." Alikuwa na mkutano mwingine Eringeti, na barabara ile si ya kuanza safari umechelewa. Kabla viti havijatulia, gari lake lilikuwa limetoka uani.

"Tunakubali nini?" mama mukubwa akaniuliza.

Nikamwambia: jiko.

"Ile ban ilikuwa ya wabukire yake," akasema. "Hapana ya jiko."

Kesho yake megafoni ilipita tena kutangaza kwamba raia wamekubali kwa makofi. Jioni mzee aliuliza habari ya kamba kwa mara ya pili.

Mama mukubwa alivaa kitenge cha misa, tukaenda bureau, ofisini kwa mkubwa. Mkubwa alitupokea vizuri, lakini hakuelewa malalamiko. Watu wote walipiga makofi, akasema, na huyu mama mwenyewe alimwona kwa macho yake akipiga kwa nguvu.

"Ndiyo, Chef," mama mukubwa akajibu. "Mugeni akisema, tunamupigia. Hata ungetusomea bei ya chumvi, tungekupigia."

Mkubwa alicheka mpaka akavua miwani. Kwao, alieleza, mtu anapigia makofi anachokitaka, na asichokitaka anakinyamazia. Aliahidi mkutano wa pili.

Hapo mama mukubwa akafanya kampeni. Alipita mbabula kwa mbabula, halafu akaenda kwa wamama wa parokia, kisha nyumbani kwa bwana wa protokole mwenyewe. Agizo lilikuwa moja: mukubwa akisema, mikono chini. "Mutu asipige hata mbu," alisema.

Mkutano wa pili ulijaa kuliko wa kwanza. Mkubwa alikuja anatabasamu. Alisema amezungumza na mafundi, na kwamba chumba cha mashine kinaweza kujengwa upande wa kufulia nguo, bomba la maji likihamishwa. Hangari ingebaki. Alitaka tu kujua kama raia wanapenda hivyo.

Kimya. Wamama wengine walikuwa wamekalia mikono. Bwana wa protokole alifungua kinywa, mama mukubwa akamtazama, akakifunga.

Mkubwa alisubiri. Tabasamu liliondoka polepole. "Hata hii munakatala?"

Mama mukubwa akasimama. "Hapana, Chef. Hii tunaipenda sana."

"Sasa mbona hamupigi?"

"Tulipatana."

Salle nzima ilicheka, naye akacheka, lakini si kama siku ile ya bureau. Alisema yeye hawezi kuwaambia wakubwa wake kwamba mpango wa kwanza ulipigiwa ban na wa pili, ulio bora, ulinyamaziwa, kisha atake waufuate wa pili. Atapeleka mbele taarifa ya mikutano yote miwili, wenyewe wataamua. Kisha akatazama saa, na gari likatoka.

Jibu halijarudi. Mfupa wa mzee unashikana, daktari anasema bado, na kila asubuhi mama mukubwa anawasha mbabula akiniuliza kama megafoni imepita. Wiki jana mtu wa magasin, stoo ya hospitali, alikuja na kufuli mpya ya kulifunga jiko, akazunguka hangari akitafuta mlango, hakuuona, akaitundika kwenye msumari wa nguzo. Iko pale, wazi, na ufunguo ndani yake. Mlango haujaletwa, na kufuli hakuna aliyekuja kuichukua.