Mzee wa Bowie na Jina Nililokataa Kulitoa

Siku yangu ya kwanza kwenye nyumba ya wazee, Hyattsville, huku Marekani, nesi msimamizi alinipa mkanda mpana akaniuliza, "Papa, huu ni wa nini?" Nikamjibu wa suruali. Alicheka mpaka akaketi. Kumbe unamfunga mgonjwa kiunoni, unamshikilia hapo akisimama, asianguke. Shule niliishia darasa la nne, lakini mkanda ule nilikuja kuujua kuliko waliosoma.

Baadaye wakanihamishia Bowie, kwa mzee mmoja Mjapani, askari mpelelezi mstaafu, aliyekaa kwa binti yake. Upande mmoja wa mwili wake ulikuwa umepooza. Kila baada ya saa mbili namgeuza, la sivyo ngozi inachubuka, inakuwa kidonda. Binti alikuwa na mbwa anayekula karoti. Haya, tuendelee.

Wakati huo Amani, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuwa ananisumbua. Kaka aliuawa kule Kongo, hakukamatwa mtu. Jirani wa zamani alinipigia simu akanitajia muuaji, eti sasa anakaa Bladensburg, hapa hapa. Nami kwa domo langu nikamwambia Amani kwamba jina ninalo.

"Baba mdogo, nipe jina tu. Mengine niachie mimi."

Nikamsimulia mzee huku namkata kucha. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu, tulielewana vizuri sana.

"Jirani aliona?"

"Alisikia."

Kisha mzee akasema kwao aliuawa msichana, muuaji hakupatikana. Baba wa msichana alikuja kituoni kila wiki, anainama, anaondoka. Siku moja mzee akamhurumia, akamtajia mtu aliyemshuku. Baba akaenda na kisu, akamuua.

"Alikuwa ndiye?"

"Hapana. Kesi hiyo ya pili niliimaliza siku ile ile, baba alikaa pale pale akinisubiri. Ya kwanza, mpaka leo bado."

Akanipa mkono mwingine niukate kucha.

Jumapili nikamwambia Amani jina sitoi, sina ushahidi, nina simu tu.

"Mwoga wewe! Baba alikusomesha bure!"

Hapo alikosea, mimi sikusomeshwa na mtu. Lakini tangu siku hiyo hanisalimu.

Mzee alishafariki, nami magoti yalinistaafisha. Wanaoanza kazi hii huniuliza kipi kilikuwa kigumu, wakidhani nitasema kunyanyua watu. Wa Bladensburg sijui kama ndiye, sitajua. Jumapili watoto wa Amani hunipa mkono nje ya kanisa, wananisalimu kwa Kiingereza chao. Baba yao hashuki garini. Amenenepa. Anapiga honi, wanamkimbilia, anawapeleka nyumbani.