Alikataa Kuzima na Kuwasha

Tumemzika Litembo, fundi wa kompyuta wa chama chetu cha ushirika wa kahawa. Msibani nilisikia wakisema amerogwa. Sikubishana nao, nilimuuliza mjane wake. Alinieleza kwamba mumewe alijulikana kuwa na shinikizo la damu, kichwa kilimuuma tangu mavuno yaanze, naye alikuwa akimeza vidonge vya maumivu na kurudi kazini. Atapima msimu ukiisha, mume alimwambia.

Wasomaji wangu wanaijua seva ya ushirika, ile inayomwambia mkulima kwa simu ni mtambo upi wa kumenya kahawa wenye nafasi leo. Ikinyamaza, watu hupeleka magunia kwenye mtambo uliokwisha kujaa, kahawa mbivu ikachachia hapohapo, na jasho la mwaka likapotea. Nayo ilinyamaza mara kwa mara. Ofisini dawa ilikuwa moja tu: izimwe, iwashwe. Sababu, kinyume chake, zilikuwa nyingi. Iliyopendwa zaidi ni malori ya makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka, ati yanatikisa nyaya. “Jumapili malori hayapiti,” marehemu aliwajibu, “mbona Jumapili inakufa vilevile? Au nayo inakwenda misa?” Yeye alikuwa ameona kumbukumbu ya seva ikijaa polepole, isipungue hata wakulima walipolala, akataka kujua inajazwa na nini.

Aliniomba mimi, mwalimu mstaafu na mjumbe wa bodi, nikae ofisini mbele ya kioo cha kompyuta nisome tarakimu za kumbukumbu hiyo. Yeye alipanda bodaboda hadi kilimani, akafungua ukurasa wa ushirika kwenye simu, kisha akateremka bondeni ambako mtandao hukatika. Aliporudi juu alinipigia.

“Mwalimu, shikamoo tena. Imeshuka?”

“Marahaba. Haijashuka.”

“Mimi nimeondoka zamani, mwalimu, yenyewe bado imenishikia kiti!”

Alirudia hivyo mpaka dereva akamuuliza amedondosha nini huko bondeni. Aliyeiandika programu hakumfikiria mtu anayetoweka mtandaoni bila kuaga, na katika milima hii tunatoweka hivyo kutwa nzima. Kila aliyetoweka alibakiziwa nafasi yake, hadi nafasi zikaisha. Marehemu aliandika marekebisho, akayajaribu kwenye kompyuta nyingine, yakafanya kazi. Bodi ikaamua seva isiguswe katikati ya msimu. Nilipinga peke yangu.

Siku ya mazishi, meneja alifika tukiwa tumekwisha kufukia.

“Shikamoo, mwalimu. Mtuwie radhi, seva ilinyamaza, tukawa tunaizima na kuiwasha.”

“Na marekebisho ya marehemu?”

“Msimu ukiisha, mwalimu.”

Nimefundisha maisha yangu yote nikiamini kwamba mtu akikijua chanzo cha tatizo, amekwisha kulitatua. Siamini hivyo tena. Marehemu alikijua chanzo cha ugonjwa wa seva, akanyimwa ruhusa. Alikijua cha maumivu yake, akajinyima mwenyewe ruhusa. Kujua peke yake hakuokoi kitu. Naambiwa na meneja mwenyewe kwamba seva imewashwa tena.