Moyo Upande wa Dirisha

Kwa miaka miwili nilikuwa mwalimu ambaye si mwalimu. Nilifundisha biolojia katika shule ya kutwa pale Mutuini, Dagoreti, nikasahihisha madaftari, nikashika zamu ya lango asubuhi kama wengine, lakini nilikuwa mwalimu wa bodi ya shule, si wa serikali. Shule ilinichukua yenyewe kwa sababu nilikuwa na digrii ya sayansi na hapakuwa na mwingine. Cheti cha ualimu sikuwa nacho. Wenzangu hawakunidharau waziwazi, ila mkutano ukifika kwenye jambo zito mtu angesema, "Hiyo tuwaachie walimu," nami ningeinama nichore maua pembeni mwa daftari. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mwaka ule nilizimeza nyingi.

Jioni nilikuwa mwanafunzi. Mara nne kwa wiki nilienda mjini, ghorofa ya nne juu ya duka la viatu, kusomea ualimu pamoja na watu wengine waliokuwa wamesomea mambo mengine kabisa. Kulikuwa na mhasibu, kulikuwa na mama aliyeacha kazi ya benki, na kulikuwa na mzee mmoja aliyelala kipindi cha saikolojia ya mtoto kuanzia mwanzo, kisha akaamka kuuliza swali zuri kuliko yetu sote. Tulifundishwa jinsi ya kumngoja mtoto afikiri. Niliandika yote kwa hati nzuri, nikarudi chumba changu cha kupanga mtaa wa Satellite nikiwa nimechoka kabisa, na kesho yake darasani sikumngoja mtoto yeyote.

Muhula wa pili mkuu wa shule aliniita ofisini. Alikuwa mama mzaliwa wa pande hizo hizo za Dagoreti, asiyependa maneno mengi. Aliniambia serikali imeipa shule nafasi moja ya mwalimu wa biolojia.

"Interview ni mwaka ujao mwanzoni," alisema. "Mimi nakutaka wewe, nisikudanganye. Lakini bila cheti, jina lako hata haifiki kwa meza."

Nilikuwa nimebakiza mazoezi ya kufundisha tu, yale tuliyoyaita tipii. Kwa kuwa nilikuwa na darasa tayari, chuo kiliniruhusu kuyafanya hapo hapo shuleni. Mhadhiri angekuja mara tatu bila kutoa habari, akae nyuma ya darasa na kuandika. Mara ya kwanza alinikuta nikigombeza. Mara ya pili aliandika, "Mwalimu anauliza swali na kulijibu mwenyewe." Alikuwa sahihi, ndiyo maana nilikasirika. Nikianguka mara ya tatu ningerudia mazoezi mwaka uliofuata, na nafasi ile ingekuwa imeshapata mwenyewe.

Aliyenionea huruma ni mwalimu wa Kiswahili tuliyekaa naye meza moja, mama wa miaka ishirini kazini. Siku moja aliniona nikiitazama fomu ya mhadhiri kwa muda mrefu mno.

"Wewe huna somo la akiba?" aliniuliza.

Sikuwa nimesikia kitu kama hicho ghorofani juu ya duka la viatu.

"Chagua topiki moja, ufundishe hadi waiote ndotoni. Siku huyo Mzee wenu wa chuo akikuja, unaingia na hiyo tu, hata kama mko mbali kwa silabasi. Hakuna mwalimu hajafanya. Mwenye atakuambia hakufanya, anakudanganya."

Nilichagua moyo. Baba wa msichana mmoja wa kidato cha pili alifanya kazi machinjioni, Dagoreti sokoni, na moyo wa ng'ombe haukuwa shida kwake. Msichana huyo alikuwa mrefu, mkimya, wa kukaa dawati la ukutani, na kama aliwahi kuinua mkono kabla ya hapo mimi sikumbuki. Aliuleta moyo ndani ya mfuko wa plastiki, nikauweka kwenye sinia la bati juu ya meza yangu. Niliwaonyesha wote upande wa kushoto wenye ukuta mnene, unaosukuma damu mwili mzima, na upande wa kulia wenye ukuta mwembamba, unaosukuma damu hadi mapafuni tu. Siku hiyo upande mnene ulikuwa umeelekea dirishani.

Kisha tukaanza kufanya mazoezi. Tulirudia somo lile mara tatu katika wiki mbili. Moyo wenyewe ulikuwa umeshatupwa, kwa hiyo niliweka kifutio cha ubao katikati ya sinia na tukajifanya ndio moyo. Niliuliza, "Ukuta mnene uko wapi?" na mwanafunzi aliyeteuliwa akaja mbele, akagusa kifutio upande wa dirisha, akatoa sababu kwa Kiingereza safi. Darasa lilimpigia makofi. Niligawa maswali, nani ajibu lipi, na nani akosee kidogo ili nimsahihishe kwa upole. Niliwaambia wote wainue mikono kwa kila swali. Wao waliona ni mchezo mzuri sana, na mimi nilianza kulala usingizi.

Jumatano moja baada ya chakula cha mchana simu yangu ililia. Alikuwa yule mama wa benki, aliyekuwa akifanya mazoezi yake katika shule nyingine upande wa Muthangari. Ujumbe wake ulisema, "Mzee amemaliza hapa. Kesho ni wewe, jipange." Nilimtafuta yule msichana wa machinjioni kabla hajaenda nyumbani. Nikamwomba moyo mwingine, naye akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake mhadhiri alifika kipindi cha tatu. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa kwenye pembe. Alisalimia darasa, akaketi nyuma. Mimi nilikuwa nimeshaupokea moyo na kuuweka kwenye sinia haraka haraka. Mkaguzi wa nyama alikuwa ameupasua mahali pawili, nami nilikuwa nimeugeuza huku na huku nikitafuta upande ambao mipasuko haitaonekana sana kutoka nyuma. Nilipoupata niliuacha hapo.

Somo lilienda kama maji. Kila swali lilitoa mikono arubaini na miwili. Nilipouliza ukuta mnene uko wapi, kijana niliyemteua alikuja mbele akitembea kama diwani, akagusa upande wa dirisha na kueleza kwa nini ni mnene.

"Vizuri sana," nilisema. "Mpigieni makofi ya kilo."

Wakampigia kwa mdundo mmoja wa pamoja. Nilimwita wa ukuta mwembamba, naye akagusa upande wa mlango, akaeleza, akapigiwa. Nilimtupia mhadhiri jicho la wizi. Alikuwa ameacha kuandika.

Alinyanyuka bila haraka, akaja hadi mezani. "Mwalimu, utaniruhusu?" alisema. Hakugusa kitu. Aliuangalia moyo tu, halafu akaniangalia mimi. "Hebu weka kidole chako pale ameweka huyu kijana."

Nikaweka. Ukuta wa upande wa dirisha ulikuwa laini na mwembamba kama sikio, ukilegea chini ya kidole. Nikapeleka mkono upande wa mlango, na huko ndiko kulikuwa na ile nyama ngumu, nene, isiyobonyea. Moyo ulikuwa umegeuka. Watoto arubaini na wawili walikuwa wamejibu kuhusu kifutio cha ubao, na mimi, mwenye digrii ya sayansi, nilikuwa nimewapigisha makofi.

Ningeweza kusema kitu. Ningeweza kudai nilikuwa nawapima. Uongo huo ulinijia mdomoni ukiwa umekamilika, na kwa sekunde kadhaa niliupima nikaona ungefaa. Lakini kijana wa makofi ya kilo alikuwa bado amesimama kando yangu, ameona uso wangu, na alikuwa anatazama kidole chake kana kwamba kidole ndicho kimekosa. Nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia.

"Huyu hakukosea, mimi ndiye nimekosea," nililiambia darasa. "Tulikariri bila kuangalia, na mimi niliyewafundisha kukariri sikuangalia pia. Nyote njooni hapa mbele."

Mhadhiri alitazama saa yake. "Zimebaki dakika kumi na tano, mwalimu," alisema, akarudi kukaa.

Dakika hizo sikuzipanga. Walikuja safu baada ya safu, kila mmoja akaweka kidole ndani ya moyo, upande huu na upande ule. Wengine walikunja uso, wengine walicheka, mmoja akakataa kabisa kisha akakubali. Hapakuwa na mtu wa kuteuliwa wala jibu la kugawa. Mmoja aliuliza kwa Kiswahili cha mtaani, "Sasa Madam, ikiwa hii side ndio inapeleka kwa mapafu pekee, mtu wa shida ya mapafu hii ukuta yake inakuwaje?" Swali hilo halikuwa popote katika andalio langu, na nilijikuta nimenyamaza kwa sababu nilikuwa nafikiri. Katika kunyamaza huko msichana mwingine akajibu nusu, na mwingine akajibu nusu iliyobaki. Kengele ilipolia hakuna aliyesogea.

Mhadhiri alinipa majibu nje, karibu na tangi la maji. Alikuwa amekunja fomu, na mimi niliishika bila kuifungua.

"Hizo dakika ishirini na tano za kwanza nimeziona katika shule nyingi," alisema. "Alama nimeweka za zile za mwisho. Umepita, lakini si kwa wingi."

Nilimshukuru mara nyingi kupita kiasi. Alipotoka langoni, yule mama wa Kiswahili alinikumbatia mbele ya wanafunzi na kusema leo chai ni juu yake. Cheti nilikuja kukipata, na nafasi ile nikaipata pia. Lakini sijawahi kukumbuka siku ile bila kukumbuka nilichokikuta nilipokwenda bombani kunawa.

Msichana wangu mkimya alikuwa ameinama pale akiosha sinia. Ule moyo ulikuwa kando kwenye mfuko wake, na alikuwa ameukunja vizuri, kwa mikono ya mtu aliyezoea. Ndipo iliponijia kwamba huyu amekulia machinjioni. Alikuwa ameosha mioyo mingi kuliko mimi nilivyochora ubaoni. Niliuliza kama alijua tangu mwanzo kwamba umegeuka.

"Ndiyo, Madam. Niliona ukiiweka."

Nilidhani alinyamaza ili kunilinda mbele ya mgeni, na nilikuwa tayari kumshukuru kwa hilo. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

Aliendelea kusugua sinia lililokuwa safi tayari. "Ulisema vizuri sana," alinijibu. "Nikafikiri pengine ni mimi sijui."

Nilitaka kumwambia kwamba alijua, kwamba alijua kuliko sisi sote mle ndani. Nilichuchumaa kando yake nikiwa na fomu yangu ya kupita mfukoni. Kisha nikamwomba anionyeshe jinsi anavyoutambua upande wa kushoto hata gizani, naye akaufungua mfuko.