Maombi ya Mama Mutiso Ndani ya Rekoda

Nitawasimulia, lakini mkicheka msinitazame usoni, maana mpaka leo nikiikumbuka siku ile masikio yananiwaka moto, na wale watoto wa darasa la tatu nitakaowataja sasa wana watoto wao. Mimi nilishastaafu. Aibu yenyewe bado iko kazini.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nakaa Dandora kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, chumba kimoja na pazia katikati, na nafundisha shule moja huku huku Eastlands (jina lake niachieni, shule haikuwa na kosa). Mwalimu mkuu wetu alikuwa Bwana Kariuki, mzee wa kanisa, suti ya kahawia, mtu mgumu wa kusifu, na alikuwa amesumbuka kwenye ofisi za elimu karibu mwaka mzima mpaka shule yetu ikapewa rekoda, ile mashine ya kunasa sauti kwenye kanda, ili masomo ya redio yakipita watoto hawapo, tuyanase na kuwachezea baadaye. Lakini tulipewa kwa majaribio tu. Mwalimu mmoja aende kozi ya siku tano mjini, kisha inspekta aje aone somo moja, akiridhika rekoda inabaki, asiporidhika inapelekwa shule nyingine. Jina lililotumwa likawa langu, Mwalimu Mwende. Wala sikuuliza kwa nini mimi, nilidhani mzee ananiongezea kazi makusudi, kwa sababu wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemwomba ruhusa ya siku mbili na akanikatalia.

Ruhusa yenyewe ilikuwa ya harusi. Dada yangu alikuwa anaolewa Jumamosi na mimi ndiye mpambe wake, na fundi wa gauni alikuwa Makadara, mtu wa kusema njoo kesho mpaka kesho zinaisha. Basi nikaenda kozi Jumatatu, Jumanne na Jumatano, tukafundishwa kila kitufe na kazi yake, namna ya kutia kanda, namna ya kupangusa vumbi kwa pamba na spiriti, na kufikia Jumatano jioni mimi nilijiona fundi mitambo kamili. Nikamwambia Atieno, mwalimu wa shule nyingine tuliyekuwa tunakaa naye meza moja, kwamba natamani kukosa siku mbili zilizobaki.

"Enda bana," akasema, "kwani nini? Mimi nitakuwekea sahihi. Hawa wataongea tu, hakuna kipya."

Nikaenda. Hapo ndipo nilipojikwaa, yaliyofuata yote ni kuanguka tu.

Gauni lilitoka vizuri, harusi ikafana, lakini Jumapili dhamiri ilinisumbua. Sisi akina mama wa ploti yetu na jirani tulikuwa na kikundi cha maombi, kila mmoja anataja mzigo wake, na kiongozi wetu Mama Mutiso (muuza maharagwe, Mkamba mwenzangu, sauti kama kengele ya kanisa) anaubeba mzigo huo na kuuombea wiki nzima nyumba kwa nyumba. Nikasema yote. Nikalia. Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kulia nikaona nimalizie kabisa, nikaomba pia Mungu alainishe moyo wa mwalimu mkuu wangu, niliyemwita Farao, maana watu wake wakitaka kwenda hawaachilii.

Jumanne somo la darasa la tatu lilikuwa linatangazwa saa nane na nusu, na wangu walikuwa wakienda nyumbani mchana, kwa hiyo rekoda nikaichukua mpaka nyumbani. Nikaiweka kwenye stuli, redio yangu mkabala, nikafunga dirisha kuzuia kelele za ploti, nikabonyeza kama nilivyofundishwa, nikakaa kimya bila hata kukohoa. Somo lilikuwa la mvua inavyotengenezwa, dakika ishirini, zuri ajabu. Lilipokwisha nikazima redio kwa maringo ya mtu aliyeshinda mtihani. Rekoda sikuizima. Niliisahau, kwa sababu papo hapo kulikuwa na hodi mlangoni na alikuwa Mama Mutiso katika zamu yake, na yeye hakuwa mtu wa kuketi kabla ya kuomba. Tukaomba, tukanywa chai, mashine ikajizima yenyewe, ta! nikafikiri ni paka kagusa sufuria.

Mtauliza, hukuisikiliza kanda kabla ya kuipeleka shuleni? Sikuisikiliza. Nilikuwa nahurumia betri. Nilirudisha kanda mwanzo kwa kuizungusha na kalamu ya risasi, taratibu, huku nikijisifu kwa kubana matumizi, nikaitia rekoda kwenye sanduku lake na kulifunga kwa waya mmoja mrefu mweusi niliokuwa nimeukuta humo ndani na kuona hauna kazi.

Jumatano asubuhi inspekta akaja, mtu mrefu mwenye daftari, na Bwana Kariuki amenyoa ndevu mpaka kidevu kinang'aa. Watoto hamsini, kila mmoja anatazama mashine. Nikabonyeza, sauti ikatoka, na nawaambia ukweli, zile dakika ishirini ndizo bora kuliko zote nilizowahi kufundisha. Redio inauliza swali, watoto wanajibu, redio inawaambia wapulize kama upepo, wanapuliza mpaka karatasi za inspekta zinaruka. Somo likaisha. Ningebonyeza pale pale leo ningekuwa sina cha kuwaambia. Lakini inspekta alikuwa amesimama dirishani, akaniita kwa kidole, akaanza kunisifu, na mimi sifa nilikuwa na njaa nazo, nikamfuata dirishani nikaacha mashine inazunguka.

Rekoda ikasema, "Hodi humu!"

Watoto hamsini wakaitika, "Karibuuu!"

Inspekta akacheka, akadhani ni sehemu ya kipindi. Mimi niliijua sauti ile, nikageukia meza. Na kabla sijapiga hatua, sauti ikaendelea: "Mwalimu, kabla sijaketi, tufumbe macho tuombe."

Sasa ninyi mnawajua watoto wetu walivyolelewa. Viti vilivuma mara moja, wote wakasimama, mikono kifuani, macho yamefumbwa. Bwana Kariuki, mzee wa kanisa, akainamisha kichwa. Inspekta akavua miwani akainama. Na hata mimi, Mungu anisamehe, nilifumba kwanza, mazoea ni mazoea, kisha nikafumbua jicho moja nikaona mashine iko mezani mbele kabisa, na kati yangu na meza kuna watu hamsini na wawili wanaoomba. Ni nani angepita katikati yao akakate maombi? Wazazi wangu walinifundisha hata nyumba ikiungua usubiri amina. Halafu nilikuwa na tumaini dogo. Maombi ya Mama Mutiso yana mpangilio, anaanza na serikali, anaenda mvua, yatima, wajane, wagonjwa, ndipo anafika kwa mwenye nyumba, na kanda upande mmoja ni nusu saa, ishirini zimekwisha. Nikaanza kumwombea Mama Mutiso akawie kwa wajane.

Siku hiyo wajane aliwapitia mbio.

"Na sasa Baba namleta mbele zako binti yako Mwende. Wewe wajua alivyotoroka ile kozi ya mashine Alhamisi na Ijumaa akaenda kujaribu gauni la harusi, na mwenzake akamwekea sahihi ya uongo. Alikiri mwenyewe akilia, Baba. Msamehe. Na yule mwalimu mkuu wake, yule anayemwita Farao, ulainishe moyo wake ulio mgumu, umvunje, umfinyange upya. Tumeomba tukiamini."

"Amina!" wakaitika watoto kwa nguvu zote. Na Bwana Kariuki naye, kichwa bado chini, nikamsikia kwa masikio yangu akisema, "Amina."

Mimi nilitamani ukuta unimeze. Msichana mmoja wa mbele akainua mkono, "Mwalimu, huyo si wa redio, huyo ni Mama Mutiso wa kwetu!" Inspekta alikwenda mwenyewe akaizima mashine, akauokota ule waya niliofungia sanduku.

"Mwalimu, huu ni wa nini?"

"Ni wa kufungia sanduku, bwana."

"Huu unaunganisha redio na rekoda, ili mashine inase redio peke yake, isinase nyumba. Tuliufundisha Alhamisi. Ijumaa tukafundisha kwamba kanda husikilizwa mpaka mwisho kabla haijaingia darasani."

Hakunikaripia, na ningefurahi angenikaripia. Aliandika mistari michache tu, na Bwana Kariuki akalibeba lile sanduku mwenyewe, mikono miwili, mpaka kwenye gari la inspekta. Watoto walikuwa madirishani wakiipungia mashine mikono kana kwamba inaenda likizo na itarudi.

Niliingia ofisini kwa Bwana Kariuki nikiwa nimeshaandika kichwani barua ya kuomba radhi. Hakunipa nafasi. Alikuwa amekaa anatazama meza.

"Mwalimu Mwende," akasema, "ofisi walitaka niwatumie mwanamume. Walisema wanawake mashine wanaziogopa. Mimi nikaenda huko mara tatu, nikawaambia hapana, nina mwalimu wangu. Ile ruhusa nilikukatalia kwa sababu siku zako mbili zingeangukia kozi, na wangepata la kusema." Akanionyesha mlango. "Rudi darasani. Watoto wako peke yao."

Basi. Hakuniandikia onyo, hakumwambia mwalimu yeyote, mpaka anastaafu hakulitaja tena. Nililia chooni kama mtoto, na nikaapa kwamba sahihi yangu haitakaa tena mahali ambapo mimi sikukaa, wala sitamwekea mtu yeyote yake hata anipigie magoti, na kiapo hicho nimekishika. Lakini hakikurudisha kitu. Jumanne iliyofuata watoto waliniuliza kama mashine inakuja kesho, na Jumanne nyingine wakauliza tena, halafu wakaacha kuuliza.

Mama Mutiso nilimwambia yote, akashika kiuno akasema maombi yake hayajawahi kurudi bure, Farao si amelainika? Nikamwambia hapana, Mama Mutiso. Ule moyo haukuwa mgumu tangu mwanzo.