Hodi ya Vuai

Wifi yangu Nunu hajui kunyamaza, na siku aliyoicheka filamu ya mwanangu mbele ya wenzake nilitamani kumziba mdomo kwa sambusa zake mwenyewe. Anazikaanga tangu tulipokuwa wasichana, anawauzia wenye migahawa ya Sharafiya, hapa Jeddah. Ni mke wa marehemu kaka yangu Vuai, dereva wa lori la maji, Mungu amrehemu, aliyetutoka miaka miwili nyuma.

Mwanangu Saif anasomea filamu Riyadh. Baba yake hakupenda kabisa. Alishampa neno la mwisho: filamu hii ikikataliwa kwenye tamasha la wanafunzi, halas, basi, arudi Jeddah auze matairi dukani kwake. Mtoto alikonda kwa wasiwasi. Akaja kupiga filamu ya nyumba yenye mashetani nyumbani kwa Nunu, hapa Al-Safa. Tomato sosi ukutani ati ndiyo damu, milango inabamizwa, kijana kajitanda shuka anapiga mayowe. Alipotuonyesha, Nunu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Huyo shetani ana njaa. Mpeni chai!"

Saif akainamisha kichwa. Mie nikawaka. "We Nunu, huna haya? Mtoto maisha yake yapo hapo!"

Akaacha kucheka. Akamvuta Saif, akamkalisha ubavuni pake.

"Nisamehe, mwanangu. Lakini nyumba haitishi kwa kelele. Mie nimekaa humu peke yangu miaka miwili, niulize mie. Kinachotisha ni kile ulichokizoea. Unajua saa ngapi naogopa? Alasiri, jua linawaka, wageni wamejaa."

Nilijua anasema nini. Vuai akitoka msikitini alasiri alikuwa hapiti mlango wake mwenyewe bila kupiga hodi, maana Nunu hakosi wageni wanawake, nao wapate kujisitiri. Alikuwa na hodi ndefu, ya kuvuta. Wageni wanapandisha mitandio, hata mie dadake na Nunu mkewe tunapandisha kwa mazoea tu, Nunu anaitikia karibu, ndipo anaingia.

"Mpaka leo ikifika saa hiyo mkono unakwenda kichwani wenyewe," Nunu alisema. "Halafu hakuna mtu."

Saif akaosha ukuta, akamvua yule mwenzake shuka. Akampiga picha Nunu akikunja kanzu za marehemu. Kesho yake akatuweka sebuleni wanawake wanne na birika la chai, tupige soga zetu tu. Yeye atapiga hodi kutoka nje, sisi tupandishe mitandio, tungoje, na asiingie mtu. Nunu autazame mlango, asiseme kitu.

Jambo moja hatukulifikiria. Saif ana sauti ya mjomba wake.

"Hodiii!"

Mitandio ikapanda. Wallahi sikuwa naigiza, mwili wote ulinisisimka. Na Nunu, aliyeambiwa anyamaze, akaitikia kwa sauti laini ambayo sikuwa nimeisikia tangu maziko.

"Karibu. Mbona leo umechelewa?"

Hakuingia mtu. Nunu aliendelea kuutazama mlango huku akitabasamu, kisha tabasamu likamwondoka taratibu na machozi yakamshuka.

Saif alipoingia nilimrukia. "Futa! Futa sasa hivi! Utamuuza mjomba wako kwa ajili ya tamasha?"

"Sawa, mama, nafuta," alisema, naye analia. Bila kipande kile hakuwa na filamu. Alijua, na mie nilijua, na moyo uliniuma kwa wote wawili.

Nunu akamshika mkono. "Hufuti kitu. Aliyeitikia ni mie, si mama yako. Wapelekee."

Ilikubaliwa. Riyadh tulikwenda sote, hata muuza matairi wangu. Ukumbi ulijaa, na maneno yetu yakaandikwa kwa Kiarabu chini ya picha. Ilipofika ile hodi, ukumbi mzima ulizuia pumzi. Mume wangu alinikamata mkono mbele za watu, jambo ambalo hajapata kulifanya tangu anioe. Pembeni ya Nunu alikaa binti mmoja wa Kisaudi, hatumjui wala yeye hatujui. Maskini, kwa hofu akaficha uso begani mwa wifi yangu.

Nunu akampapasa mgongo.

"Usiogope, binti yangu," akamnong'oneza kwa Kiarabu. "Huyo mume wangu."