Siku Niliyolinda Besi ya Pili Gesima

Ko!

Niliusikia kabla sijaona chochote, mlio mkavu, mtamu, wa gongo kukutana na mpira, kama gogo linapopasuliwa asubuhi ng'ambo ya bonde, nikafumba macho (ndiyo, nilifumba macho, nichekeni sasa tumalize) kwa sababu katika riwaya yangu nzima nilikuwa nimeuandika "pa!" na kumbe ni "ko!".

Aibu hii niliitafuta mwenyewe. Nilikuwa nimeandika maisha ya mchezaji wa besboli wa Marekani, zaidi ya miaka mia iliyopita, kijana wa migodini aliyelinda besi ya pili, kituo cha pili kati ya vinne vya kukimbilia, misimu kumi na mitano kwa glavu ndogo kama chapati, hadi vidole vikapinda kama tangawizi na timu ikamwachisha kazi kwa barua ya mistari miwili. Nilipokisomea kikundi chetu cha waandishi mjini Kisii, Mwalimu Kemunto, anayefundisha wasichana softboli, dada wa mchezo huo, katika shule moja ya Gesima, akauliza, "Na wewe umewahi kuudaka huo mpira?"

Ningepaswa kusema hapana. Nikasema, "Mara nyingi."

"Basi njoo Ijumaa, walimu tunacheza na wanafunzi. Niachie mswada niusome. Nikiridhika, uende kwa mchapishaji." Kikundi kizima kikaitikia. Yeye ndiye aliyeujua mchezo.

Ijumaa wakaniweka besi ya pili, wakanipa glavu, nikaikataa (mtu wangu alianza kudaka kwa mikono mitupu!). Ukungu ulikuwa umelalia majani chai chini ya uwanja, na ndani yake nilimwona kabisa mchezaji wangu, kofia imeshuka, ameinama kando yangu, ananingoja, ndipo ko!, nikafumba macho, na mpira, ambao kwenye mteremko ule hauna habari na vitabu, ukadunda kwenye jiwe, ukanigonga kifua, ukateremka, nikaukimbilia, nikateleza, nikaingia shamba la chai kwa kichwa huku wasichana watatu wakizunguka besi zote bila haraka, mmoja akinipungia mkono.

Mama mmoja mwenye kikapu mgongoni alinitazama pale chini, akaniita baba kwa Kigusii. "Pole, tata. Lakini sisi hapa tunachuma majani mawili na kichipukizi. Wewe umeng'oa mti."

Kemunto alinikuta kwenye chumba cha walimu, nikijikanda kifua kwa kitambaa cha maji baridi. Akaniwekea mswada magotini.

"Huyu mtu wako amedaka miaka kumi na mitano, na hakuna ukurasa hata mmoja ameogopa mpira. Wewe leo uliogopa?"

"Sana, Mwalimu."

"Ukurasa huo uko wapi?"

Nikaapa palepale, kimoyomoyo, kwamba sitaandika tena mpira ambao haujanipiga.

"Mswada hauendi," akasema, akichukua mkoba wake. "Jua linazama, Sabato inaingia, nisichelewe. Jumatatu saa kumi jioni njoo uwanjani. Na glavu uvae."

Akatoka, akaufunga mlango.