Kipande Nilichokitoa Kwenye Filamu ya Duka la Nyar Mfangano

Mwanangu, umeniambia unataka kupiga filamu fupi ya duka la mtaani kwenu. Vizuri. Lakini keti kwanza, kwa maana kuna Jumamosi moja naikumbuka mpaka leo, na kila nikiikumbuka naona aibu.

Nilikuwa kijana hapa Rodi Kopany, kazi yangu kupiga video za matanga na arusi. Nilijiona mtu mkubwa, ati kwa sababu nina kamera. Duka tulilolipenda sote lilikuwa la Nyar Mfangano, yaani binti wa Mfangano, mama aliyeolewa huku kutoka kisiwa hicho. Alijua kila nyumba kuna nani na nani anaumwa. Ijumaa kabla jua halijazama alifunga, kwani alikuwa shemasi kanisani kwetu, na Sabato kwake haikuwa mchezo.

Basi nikaamua kutengeneza filamu ya duka lile, tuione kanisani siku ya vijana. Jumamosi hiyo nilikwenda kupiga picha ya mlango uliofungwa, nikasikia mtu anabisha kwa nyuma, nikazunguka huku kamera inapiga. Alikuwa mama mpangaji, mtoto wake anatapika tangu asubuhi, anataka sukari na chumvi. Nyar Mfangano akampa. Yule mama akanyoosha noti, naye akaurudisha ule mkono polepole.

"Nenda kwa mtoto. Leo siuzi," alimwambia.

Nilipokuja kukata filamu, niliona kwamba hapo pa kurudisha pesa mkono wangu ulitikisika, picha imeharibika. Nikakitoa kipande hicho, nisije nikaambiwa sijui kazi. Nikaweka na sauti yangu nikimsifu: hata Sabato, Nyar Mfangano hatutupi. Ile kanda yenyewe nikaitumia tena kwenye matanga kule Takawiri, na kile kipande kikafutika kabisa. Kanda zilikuwa ghali, bwana.

Kanisa zima likaona shemasi anatoa sukari siku ya Sabato na noti inamjia. Wazee wakamwita. Alisema hakuuza, basi. Yule mpangaji alikuwa ameshahamia Migori. Wakanigeukia mimi.

"Wewe ulikuwepo. Kulikuwa na nini kingine?"

Nikasema, "Ni kama mlivyoona."

Ndiyo, mwanangu, nilisema hivyo, na yeye ameketi pale ananitazama. Wakamwondoa ushemasi.

Baadaye nilikwenda dukani kumwomba radhi. Aliendelea kupanga sabuni.

"Nyathina, mwanangu, mimi unaniambia nini? Mimi nilikuwepo. Kawaambie wao," alisema.

Nilikaa miaka miwili. Niliposimama kanisani hatimaye, wazee walinishukuru, lakini nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine. Nje alinisalimia, akauliza miguu ya mama yangu inaendeleaje. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo nisikilize. Ukitoa kipande cha maisha ya mtu, jiulize unamlinda yeye au unajilinda wewe. Filamu yako aione mwenyewe kwanza, kabla ya watu. Na ukimchafua mtu mbele ya wengi, usiende kumnong'oneza radhi peke yake ukadhani umemaliza. Simama mbele ya hao hao, mapema, hata kama unatetemeka.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe ulimi mwepesi wa kusema "nimekosea mimi" wakati mwenzako bado anaweza kurudishiwa kilicho chake.